Kifarasi wa dola 50: yanayosemwa na yalivyo katika minada ya farasi wadogo Marekani

Ukitazama video za minada ya mifugo ya Pennsylvania, Ohio au Texas, utaona jambo linalomshangaza yeyote aliyezoea kudhani farasi ni mali ya matajiri. Dalali anataja bei kwa kasi isiyofuatika, lango la chuma linafunguliwa, anaingia farasi mwenye kimo cha mbuzi dume, singa, yaani nywele ndefu za shingoni, zimemfunika macho. Kabla hajazunguka uwanja mara mbili ameshauzwa kwa dola 50, mwingine kwa 100. Bei ya jozi ya viatu.

Huyo si mtoto wa farasi, ni farasi aliyekomaa. Marekani ina vyama viwili vikubwa vya kusajili farasi wa aina hii. AMHA, kilichoanzishwa mwaka 1978 na chenye makao Texas, kinamkubali farasi asiyezidi inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. AMHR kilianza 1972 chini ya klabu ya farasi wa Shetland, na kinapokea hata wa inchi 38. Kipimo huchukuliwa pale unywele wa mwisho wa singa unapoota, karibu na mabega. Kwa urahisi nitawaita vifarasi.

Kuhusu bei zao na uzalishaji wao kuna mengi yanayosemwa kwa uhakika mkubwa, na mengi kati ya hayo hayana mguu wa kusimamia.

“Akiuzwa bei ya kutupa, basi ana kasoro”

Sisi wenye msemo wa rahisi huvunja upishi tunalimeza hili bila kutafuna. Ni kweli mnadani wapo vilema na wagonjwa. Lakini wengi wanaoondoka kwa bei hizo wana kosa moja tu: wameletwa siku moja na wenzao wengi, mbele ya wanunuzi wachache. Bei ya mnadani hupangwa na idadi ya watu waliomo ukumbini siku hiyo wenye trela, nafasi zizini na nyasi za kutosha kuvuka majira ya baridi. Kifarasi yuleyule anayeuzwa kwa shida mwezi Novemba, mwezi Aprili anaweza kugombewa.

Mwaka 2011 Texas ilipata ukame mkali mno. Nyasi kavu zikawa ghali, malisho yakaungua, na watu wakapeleka farasi mnadani kwa mkupuo. Farasi hawakuwa wamebadilika. Nyasi ndizo zilizokuwa zimekwisha.

Kuna sababu nyingine ya zamani zaidi, na mimi naiona ndiyo kubwa. Miaka ya 1980 na 1990 vifarasi walinunuliwa kwa maelfu ya dola. Wanunuzi wengi hawakutaka mnyama wa kuvuta kigari wala wa kuchezewa na watoto. Walitaka jike wa kuzalisha, ili wauze watoto wake kwa mtu mwingine ambaye naye anataka jike wa kuzalisha. Lilikuwa soko la wafugaji kuuziana wao kwa wao. Soko la namna hiyo husimama maadamu kila mwaka wanaingia wapya, na walipopungua, watoto waliendelea kuzaliwa kwa mazoea tu. Msukosuko wa uchumi wa 2008 ulipofika, ulikuta mazizi yamejaa tayari.

“Ana vyeti, kwa hiyo ni wa mbegu bora”

Cheti cha usajili kinaeleza baba, mama na tarehe ya kuzaliwa, na baadaye kimo. Hakisemi kama miguu yake imenyooka, kama meno yanakutana, au kama amebeba jeni ya ugonjwa. Tena kwa AMHA usajili wa kudumu husubiri hadi mnyama akomae, maana mtoto wa wazazi wafupi anaweza kurefuka akapita kipimo. Anayenunua mtoto kwa sababu ya karatasi bado hajui amenunua farasi wa kimo gani.

“Mdogo zaidi ndiye bora zaidi”

Hapa pana madhara halisi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfugaji anayefukuzia ufupi peke yake hufika mahali ambapo ufupi unaacha kuwa umbile na kuwa ugonjwa. Vifarasi wana udumavu wa kurithi, na dalili zake zinajulikana: kichwa kikubwa chenye paji lililobinuka, taya la chini lililotangulia mbele, miguu mifupi iliyopinda, tumbo kubwa, wakati mwingine shida ya kupumua. Kwenye picha huonekana wa kupendeza mno. Thumbelina, aliyezaliwa Missouri mwaka 2001 na kuingia katika kitabu cha rekodi za Guinness akiwa na kimo cha sentimita 44.5, alikuwa farasi kibete wa namna hii. Dunia ilimpenda, na haki yake, lakini hakuwa kielelezo cha mahali uzalishaji unapopaswa kuelekea.

Kwa miaka mingi wafugaji walikuwa wakibahatisha. Mtoto kibete akizaliwa, wengine walimficha, wengine walimlaumu dume la jirani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky mjini Lexington, wakiongozwa na John Eberth, walichapisha matokeo yaliyohusisha tatizo hili na mabadiliko manne katika jeni iitwayo ACAN, yanayoandikwa D1, D2, D3* na D4. (Lexington ni mji wa farasi hasa. Ni mji pia wenye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, kwa hiyo wapo wasomaji wanaopita karibu na chuo hicho kila siku.)

Urithi wake unahitaji nakala mbili za jeni yenye mabadiliko hayo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja anaonekana mzima kabisa na anaweza hata kushinda tuzo uwanjani. Akipandishwa kwa mwenzake mwenye nakala moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kubeba mtoto mwenye nakala mbili. Mwenye nakala mbili za D1 kwa kawaida hafiki hata kuzaliwa, mimba huharibika. Mfugaji anaona jike wake “hashiki mimba vizuri”, anabadilisha chakula, anaita waganga wa kila aina, na kumbe tatizo liko kwenye chaguo la dume.

Kipimo siku hizi hufanywa kwa nywele chache zilizong'olewa na mizizi yake kutoka kwenye singa au mkia, zikatumwa maabara kwa posta. Na hapa kuna dhana ndogo ndani ya dhana kubwa: kwamba ukimpima jike ukakuta ana nakala moja, huna budi kumtupa. Si kweli. Akipandishwa kwa dume asiye na nakala hata moja, hakuna mtoto kibete atakayezaliwa kwa njia hiyo. Nusu ya watoto, kwa wastani, watakuwa wabebaji, na hao nao unawapima kabla ya kuamua kama watazaa au la. Kinachotakiwa ni kujua kabla ya kupandisha. Anayeuza jike mnadani bila kipimo, na aliyemnunua akampeleka kwa dume asiyepimwa, wote wawili wanabahatisha kwa mwili wa mnyama.

“Jike azae tu, mtoto atarudisha gharama”

Hii ndiyo imejaza minada. Hesabu yake inavutia: jike ni rahisi, dume la jirani ni bure, baada ya miezi kumi na moja una farasi wawili.

Tuifanye hesabu yenyewe. Jike anakula miezi yote hiyo, na anaponyonyesha anakula zaidi. Anahitaji chanjo, dawa za minyoo na kukatwa kwato. Kisha inakuja siku ya kuzaa, na vifarasi wanajulikana kwa uzazi mgumu kuliko farasi wakubwa, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa nyonga aliyonayo mama. Farasi akishaanza kusukuma kwa nguvu, mtoto anatakiwa awe nje ndani ya nusu saa hivi; ikipita hapo, uhai wake uko hatarini. Kwa farasi mkubwa daktari anaweza kuingiza mkono na kumgeuza mtoto. Kwa kifarasi mara nyingi mkono wa mtu mzima haupati nafasi ya kugeuka. Linalobaki ni upasuaji hospitalini, na upasuaji huo unagharimu maelfu ya dola. Ndiyo maana mfugaji makini hulala zizini wiki za mwisho au hufunga kamera, na huwa na namba ya daktari aliyeshakubaliana naye kabla.

Tuseme yote yameenda salama. Mtoto ni dume. Kumhasi kunaweza kugharimu kuliko bei atakayopata mnadani, kwa hiyo mwenye naye hamhasi. Anamuuza hivyo hivyo. Dume huyo anaweza kupanda akiwa bado hajafika miaka miwili, na mnunuzi mpya, asiyejua, anamweka zizi moja na majike wake kwa sababu “bado ni mtoto”. Mwakani kuna watoto wengine wawili watatu ambao hakuna aliyewapanga. Ukitazama orodha ya mnada utamkuta jike anayeuzwa akiwa na mtoto pembeni na mimba nyingine tumboni, watatu kwa bei ya mmoja. Muuzaji huitaja kama zawadi. Mimi nikiiona nahesabu midomo mitatu ambayo imekosa mahali nyumbani kwake.

Kwa hiyo bei ya dola 50 haikuanzia kwa dalali. Ilianza mwaka mmoja au miwili nyuma, siku mtu alipoahirisha kumwita daktari aje kuhasi.

“Ni mdogo, na gharama zake ndogo”

Chakula, ndiyo. Kifarasi wa kilo 90 anatosheka na kilo moja na nusu hadi mbili za nyasi kavu kwa siku. Lakini kwato hukatwa kila wiki 6 hadi 8 kama za farasi yeyote, na fundi wa kwato hapunguzi bei kwa kuwa mguu ni mfupi. Wengine huona kuinama huko ni adhabu zaidi. Meno yamebanana katika taya dogo na yanataka kuangaliwa mara kwa mara.

Na huko kula kidogo ndiko kunakowaponza wamiliki. Kifarasi akiachwa kwenye malisho mabichi hunenepa haraka, na unene humletea uvimbe ndani ya kwato unaomfanya ashindwe kutembea. Akishanenepa halafu akaacha kula ghafla, kwa ugonjwa au kwa mshtuko wa safari, mwili huyeyusha mafuta kwa wingi hadi damu inajaa mafuta na ini linazidiwa. Anaweza kufa ndani ya siku chache. Punda nao wana udhaifu huohuo, jambo ambalo wafugaji wa punda wa kwetu wangefaa kulijua. Fikiria basi jike mnene mwenye mimba, aliyetolewa mnadani, akasafirishwa kwa muda wa saa nane kwenye trela na wanyama asiowajua: siku mbili zinazofuata kazi kubwa ya mnunuzi ni kuhakikisha anakula.

Zidisha yote hayo kwa miaka 25 hadi 35, maana ndivyo wanavyoishi.

“Nisipomnunua leo, kesho yuko machinjioni”

Machinjio ya mwisho ya farasi Marekani, mawili ya Texas na moja la Illinois, yalifungwa mwaka 2007. Farasi wa kuchinjwa hupelekwa Mexico na Kanada. Mwaka 2010 walikuwa karibu 138,000. Ofisi ya ukaguzi ya serikali, GAO, iliripoti mwaka 2011 kwamba kufungwa kwa machinjio kulishusha bei za farasi wa madaraja ya chini na ya kati kwa asilimia 8 hadi 21. Kwa hiyo uhusiano kati ya nyama na bei upo.

Ila nyama hulipwa kwa uzito. Mfanyabiashara mwenye lori la kuvuka mpaka ana sababu gani ya kumpa kifarasi wa kilo 90 nafasi ambayo ingechukuliwa na farasi wa kilo 500? Hatari inayomkabili zaidi kifarasi ni kuzungushwa mnada hadi mnada, akiokota mafua na majipu ya koo njiani, akibadilisha wamiliki kila mwezi. Huruma ya wanunuzi nayo imegeuzwa biashara: mtu ananunua kwa bei ya chini, anaweka picha mtandaoni na tarehe ya mwisho ya kumwokoa na machinjio, anauza kwa bei iliyozidi mara kadhaa na kuiita “fidia”, kisha kwa fedha hizo anarudi mnadani Jumatatu inayofuata. Kumtoa mnyama mmoja ni jambo jema kwa mnyama huyo. Foleni iliyo nyuma yake haipungui kwa hilo.

“Basi wafugaji waache kuzalisha kabisa”

Siungi mkono. Wakiacha walio makini, watakaoendelea ni wale wasiopima na wasiohasi, na vifarasi wote wa kesho watatoka kwao. Vifarasi wazuri wana kazi ya kufanya. Kanuni za Marekani za haki za watu wenye ulemavu, zilizoanza kutumika Machi 2011, zinawatambua, baada ya mbwa, kama wanyama wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, na wapo wanaotembelea wagonjwa hospitalini. Wanavuta vigari, wanaingia mashindanoni, wanakaa na wazee.

Kwa kazi karibu zote hizo anayefaa zaidi ni dume aliyehasiwa, mtulivu, aliyezoeshwa kamba, trela na kelele. Mfugaji anayejua hilo hupandisha majike wachache tu kwa mwaka, tena baada ya kujua nani anamsubiri mtoto. Madume wasio wa mbegu huwahasi kabla hawajauzwa na gharama huiweka ndani ya bei. Katika mkataba huandika kwamba mnunuzi akishindwa wakati wowote, mnyama arudishwe kwake kwanza. Vifarasi wake ni ghali, wanauzwa nyumbani kwake, na ndiyo maana mnadani huwakuti.