Kundi linganishi: afadhali kuliko nani?

Mheshimiwa anasimama jukwaani na kutangaza kwamba tangu alipoiletea shule ya kata mabati mapya, alama za mtihani zimepanda. Makofi. Mtu aliyezoea kazi ya utafiti hubaki na swali moja tu: zimepanda kuliko zipi? Kuliko za mwaka jana? Mwaka jana barabara ilikatika na nusu ya darasa haikufika. Kuliko za shule jirani? Shule jirani haina mwalimu mkuu wa kugonga milango ya maofisi mpaka mabati yatoke, na pengine ni yule mwalimu mkuu, wala si mabati, aliyezipandisha.

Kundi linganishi ni watu, madarasa, shule au vijiji ambavyo havikupata kitu kinachopimwa, ila kwa mengine yote vinafanana na vilivyokipata. Kazi yake ni kutuonyesha kisichoonekana: mambo yangekuwaje kama kitu kile kisingeletwa. Mtoto mmoja hawezi kumeza dawa na kutoimeza kwa wakati uleule, kwa hiyo tunamtafutia mwenzake wa kusimama upande wa pili. Wengine huliita kundi dhibiti. Mimi silipendi jina hilo, maana kundi lenyewe halidhibiti chochote. Linakaa tu na kutazamwa.

Kazi ni kumpata huyo mwenzake. Ukiwaachia watu wajichagulie, wenye bidii wanakwenda upande mmoja. Ukichagua wewe, huruma yako inachagua pamoja nawe: utawapa walio hoi kwanza, kisha ushangae mbona waliopewa wana hali mbaya kuliko wasiopewa. Njia iliyo safi zaidi ni kuiachia bahati nasibu. Rusha shilingi. Shilingi haijui mzazi gani anasimamia kazi za shule za nyumbani wala shule gani iko karibu na lami. Shule zikiwa nyingi, tofauti hizo hugawanyika pande zote mbili karibu sawa, na kitakachobaki kuzitofautisha ni kile ulichokileta.

Ili kuona uzito wa jambo hili, twende Busia, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990. Huko wanauchumi kadhaa, Michael Kremer miongoni mwao, walikuwa wakishirikiana na shirika la Kiholanzi la ICS kupima misaada inayopelekwa mashuleni. Moja ya misaada hiyo ilikuwa chati kubwa za kutundikwa ukutani, zenye michoro ya masomo. Walipotazama shule ambazo tayari zilikuwa na chati na kuzilinganisha na zisizo nazo, wenye chati walikuwa mbele sana. Kwa wengi hapo hadithi ingeishia, na chati zingeagizwa kwa malori. Lakini walifanya na jaribio: shule 178, nusu zikapewa chati kwa nasibu, nusu hazikupewa. Tofauti ya alama ikawa kama haipo. Shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo zilikuwa na mambo mengine mazuri ambayo hayakuandikwa katika daftari la mtafiti, na sifa zote zikapewa karatasi ya ukutani.

Lakini kesi iliyolifanya eneo hili lijulikane katika vyuo vya dunia nzima ni ya minyoo.

Mwaka 1998 ICS ilianza kutoa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi huko Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Dawa zilikuwa mbili: albendazole kwa minyoo ya tumboni kama vile safura na mchango, na praziquantel kwa kichocho, ugonjwa unaowapata zaidi watoto wanaooga na kucheza kando ya Ziwa Victoria. Fedha na wafanyakazi havikutosha kuzifikia shule zote kwa mpigo, na hapo ndipo mwanauchumi Edward Miguel na Kremer walipopata nafasi. Shule zilipangwa kwa alfabeti katika maeneo yao, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Yakapatikana makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza kupewa dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna shule iliyonyimwa daima. Kulikuwa na foleni, na foleni hiyo ndiyo iliyozaa kundi linganishi. (Wenye macho makali watasema alfabeti si shilingi. Wamesema kweli, na wapinzani wa utafiti ule hawakuacha kulitaja.)

Hali ya watoto mwanzoni ilitisha. Katika vipimo vya choo, asilimia 92 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Tuwaache wenye minyoo michache, ambao mara nyingi hawahisi kitu, tuwatazame waliokuwa na maambukizi ya wastani au mazito. Katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 38 kabla ya dawa. Mwaka mmoja baadaye walikuwa asilimia 27.

Ukiwa na tarakimu hizo mbili tu, utasema nini? Dawa imesaidia, lakini si ajabu. Sasa tazama kundi la pili, lililokuwa bado halijapewa dawa. Mwanzoni mwa 1999 wenye maambukizi hayo walikuwa asilimia 52. Aliyekuwa Kenya miaka ile hahitaji kuelezwa kwa nini. Ilikuwa El Niño. Mafuriko yalivuruga vyoo, yakasambaza uchafu, yakaujaza maji kila mtaro, na minyoo ikapata sherehe. Dawa haikuwa imelitoa kundi la kwanza kutoka 38 hadi 27. Ililizuia lisifike 52. Athari yake ilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyoonekana kwa kulinganisha jana na leo, na bila zile shule zilizokuwa zikingoja, asingekuwepo wa kutuambia.

Kundi la tatu halikupimwa choo kabisa katika kipindi hicho. Watafiti waliona si haki kumchunguza mtoto, kumkuta na ugonjwa, halafu kumwambia angoje mpaka 2001. Kuwatazama watu wakingoja kunabeba dhima, na mtafiti asiyeihisi dhima hiyo ni heri asipewe kundi lolote.

Mahudhurio nayo hayakuchukuliwa kutoka rejista za walimu. Kila anayejua shule zetu anajua rejista inavyoweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati. Watu wa mradi walifika bila taarifa na kuhesabu vichwa. Katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo. Alama za mtihani, kwa upande mwingine, hazikubadilika. Hilo husahauliwa sana na wanaousimulia utafiti huu kwa shangwe.

Sasa tufike kwenye mtego, sehemu inayofanya dhana hii ivutie kuliko inavyoelezwa darasani. Kundi linganishi linafaa tu likikaa pembeni kweli, bila kuguswa na kinachopimwa. Minyoo haiheshimu sharti hilo. Inapita kwenye choo, udongo na maji; mtoto mmoja akipona, anaacha kuwaambukiza wenzake. Tuseme katika darasa moja umempa dawa Juma ukamwacha Hamisi awe wa kulinganishwa. Baada ya miezi sita Hamisi naye ana minyoo michache, kwa sababu Juma haimwagi tena. Unawapima, unakuta hawatofautiani sana, unaandika kwamba dawa haifanyi kazi. Kumbe imefanya kazi kwa wote wawili, na umeihesabu mara moja upande wa dawa, mara moja dhidi yake.

Ndiyo maana Busia waligawa shule nzima nzima badala ya mtoto mmoja mmoja. Na kweli walikuta kwamba hata wanafunzi wasiomeza dawa katika shule zilizopewa walipungukiwa na minyoo. Wasichana wa miaka 13 na zaidi, kwa mfano, hawakupewa kwa sababu ya hofu ya ujauzito, lakini mahudhurio yao yalinufaika. Manufaa ya namna hii, yanayomfikia mtu ambaye hakupewa, wanauchumi wana majina yao ya kuyaita. Kwa lugha ya nyumbani ni kunufaika na jiko la jirani.

Je, yalivuka mipaka ya shule na kufika shule nyingine? Miguel na Kremer walisema ndiyo, katika makala yao ya 2004. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliirudia hesabu kwa kutumia takwimu walizopewa na waandishi wenyewe, wakakuta makosa, na moja lilihusu hasa shule zilizo mbali. Kosa liliporekebishwa, manufaa kwa shule za zaidi ya kilomita 3 hayakuweza kushikwa tena kwa uhakika. Yaliyo ndani ya shule yalibaki. Ugomvi uliofuata ulikuwa mkali hata ukaitwa vita vya minyoo. Wanauchumi upande mmoja, wataalamu wa tiba upande mwingine, nao wakiwa na mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyounganisha majaribio mengi na kuona ushahidi wa dawa kumsaidia kila mtoto ni mdogo. Binafsi naona pande zote mbili zilikuwa zikibishania kundi linganishi bila kulitaja kwa jina. Mengi ya majaribio yale yaliwagawa watoto mmoja mmoja, yaani Juma na Hamisi, au yalifanyika mahali ambapo minyoo ni michache. Lakini pia ni haki ya daktari kuuliza kama Busia ya mwaka wa El Niño inaweza kuisemea nchi yenye ukame.

Mwaka 2001 lilifanyika jambo jingine dogo lenye uchungu. Baadhi ya shule zilizokuwa zikipata dawa bure zilichaguliwa kwa nasibu ili wazazi wachangie ada kidogo. Utumiaji wa dawa ukaporomoka kwa asilimia 80 ukilinganishwa na shule zilizoendelea kupata bure. Bila zile nyingine, lawama ingewaangukia wazazi kwamba wamechoka na mradi.

Watoto wale sasa ni watu wazima. Walifuatwa hadi miaka 20 baadaye, Nairobi, Kampala, popote walipohamia, na makala ya 2021 iliripoti kwamba waliopewa dawa mapema wanatumia fedha zaidi kwa asilimia 14 na wanalipwa zaidi kwa saa kwa asilimia 13. Kufikia hapo Kremer alikuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa namna hii ya kufanya kazi.

Hizo asilimia 14 mara nyingi hunukuliwa kana kwamba ni tofauti kati ya aliyekunywa dawa na asiyekunywa kabisa. Rudi kwenye foleni. Shule za kundi la tatu, ndilo linganishi, nazo zilipewa dawa kuanzia 2001. Kinacholinganishwa ni watu waliotibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu zaidi na wenzao waliotibiwa kwa kuchelewa. Shule ambayo haikupata dawa kabisa haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu mradi ulipomaliza zamu zake, shule zote 75 zilikuwa zimefikiwa.