Ripoti ya Kusoma Kiingereza: Kwa Nini Mtoto "Anayesoma Kitabu Kizima" Yuko Chini ya Kiwango

Upimaji wa kusoma kwa madarasa ya awali umekwisha na ripoti zimefika kwa wazazi. Malalamiko nayo yamefika, mengi kuliko tulivyozoea, na karibu yote yanauliza jambo moja: mwanangu nyumbani anasoma Kiingereza kitabu kizima, iweje aandikwe yuko chini ya kiwango? Ripoti haisemi kwamba hajui kusoma. Inasema hajafikia kiwango katika eneo fulani, na eneo hilo limetajwa. Tunaomba isomwe hadi mwisho.

Kitabu kilichoimbwa darasani kwa wiki kadhaa hukaa kichwani. Mtoto akiona picha ya paka, sentensi inamtoka yote bila macho kupita kwenye maneno. Funika picha, kisha mwonyeshe neno moja la katikati ya sentensi. Akikwama, alikuwa anakariri.

Ugumu wenyewe uko hapa. Katika Kiswahili irabu ni tano, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Kiingereza kina sauti zipatazo 44 na herufi 26 tu za kuziandikia, kwa hiyo herufi "a" ina sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake" na nyingine tena katika "ball". Ndiyo maana wimbo wa majina ya herufi, ambao wazazi wengi huuchukulia kuwa ndio kujua kusoma, haumfikishi mtoto mbali. Kujua kwamba herufi inaitwa "dablyu" hakumsaidii kusoma "wet". Anachohitaji ni sauti yake, na uzoefu wa kuunganisha sauti moja baada ya nyingine. Mtoto aliyefundishwa kwa silabi za ba, be, bi, bo, bu hupachika irabu mwishoni, akasoma "bedi" badala ya "bed". Hilo hurekebishika kwa mazoezi na halipaswi kumtia mzazi hofu.

Utaratibu wetu unafuata mtindo wa EGRA, kipimo cha kusoma kwa madarasa ya awali kilichobuniwa mwaka 2006. Mtoto huketi na mpimaji mmoja mahali pa utulivu. Hupewa karatasi ya herufi, karatasi ya maneno na kifungu kifupi cha habari, na kwa kila karatasi ana sekunde 60. Akisita kwenye herufi kwa sekunde tatu, mpimaji humwelekeza aendelee na inayofuata. Akikosa mstari wote wa kwanza, zoezi hilo husimamishwa kwa upole na kuhamia jingine, kwa kuwa lengo si kumchosha. Akijisahihisha mwenyewe, huhesabiwa amepata. Lafudhi haimpunguzii alama. Kifungu kikishasomwa, mtoto huulizwa maswali kuhusu alichosoma. Mpimaji haruhusiwi kumnong'onezea, kutikisa kichwa wala kumwonyesha kwa kidole, na ikithibitika amefanya hivyo, matokeo hufutwa na mtoto hupimwa upya kwa kifungu kingine. Mtoto haadhibiwi kwa kosa la mtu mzima, ila siku nyingine ya masomo inapotea.

Wapo waliolalamikia maneno yasiyokuwamo katika kamusi, kama "vop". Yamewekwa kwa makusudi! Neno ambalo mtoto hajawahi kuliona haliwezi kukaririwa. Uingereza hufanya hivyo tangu 2012 katika kipimo chake cha maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni.

Maswali ya ufahamu ndiyo yaliyoangusha wengi. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili yanayozidishwa: kutambua maneno na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jawabu ni sifuri. Mtoto anayetamka kila neno bila kujua maana yake bado hajasoma.

Kwa sababu hiyo tunasikitika tunaposikia nyumba zimepiga marufuku lugha ya nyumbani ili Kiingereza "kiingie haraka". Tunasema kwa msisitizo: msifanye hivyo. Mtoto anayejua kwamba "sh" katika "shamba" ni sauti moja, tayari anayo "sh" ya "ship". Aliyezoea kusimuliwa hadithi na kuulizwa kwa nini sungura alikimbia, amekwisha kujifunza kufuatilia kisa, na ujuzi huo atauhamishia Kiingereza akishapata msamiati. Msimulieni, mwulizeni, msomeeni kwa lugha mnayoimudu vizuri. Kiingereza kiongezwe juu yake, kidogo kidogo, kwa maneno ya vitu anavyoviona na kuvishika.

Mzazi asiyeridhika na matokeo aandike kupitia kwa mwalimu mkuu, ataje darasa na eneo analolilalamikia: herufi, maneno, kifungu au ufahamu. Barua inayosema tu "mwanangu anajua" hurudishwa, kwa sababu mpimaji hawezi kujua arudie zoezi lipi.