Kumtambua kiumbe: maana ya kanuni ya nyumbani katika mchezo wa kuigiza wa mezani

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ambayo mashuhuri kuliko yote ni Dungeons & Dragons uliochapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, kila mchezaji huwa na mhusika wake, na mtu mmoja, yaani mwongoza mchezo, husimulia ulimwengu wenyewe na kuwaendesha viumbe wote ambao wahusika hukutana nao. Kumtambua kiumbe ni utaratibu wa kuamua mhusika anajua nini kuhusu kiumbe aliyesimama mbele yake: ni wa jamii gani, ana uwezo gani, na hudhurika kwa kitu gani. Kanuni ya nyumbani, kwa upande wake, ni kanuni ambayo kundi la wachezaji limejitungia lenyewe, au limeichukua kitabuni na kuirekebisha. Aliyewahi kucheza karata au drafti katika vijiwe viwili tofauti hahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa anajua kwamba mchezo ni uleule lakini kila kijiwe kina masharti yake.

Utaratibu huu unahitajika kwa sababu anachokijua mchezaji si lazima mhusika wake akijue. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa zimwi aitwaye trolo, ambaye majeraha yake hujifunga yenyewe papo hapo isipokuwa yale ya moto au tindikali. Mchezaji aliyeshiriki michezo mingi atawasha mwenge mara tu anaposikia jina hilo, ingawa mhusika wake ni kijana wa shamba ambaye hajawahi kuvuka mto wa kijiji chake. Hapo mwongoza mchezo hubaki njia panda: akimkataza, mchezaji huona amenyang'anywa uamuzi wake, na akimwachia, fumbo zima limekwisha kabla halijaanza.

Ujuzi wa mchezaji unaweza pia kumpoteza. Msikilizaji aliyelelewa na hadithi za pwani ya Afrika Mashariki ana picha yake ya jini, lakini katika mchezo huu majini ni viumbe wa asili ya vitu, wale wa hewa wakitengwa na wale wa moto, na wa maji wakitengwa na wa ardhi. Vivyo hivyo, anayesikia neno joka anaweza kuwaza nyoka mkubwa mno, ilhali joka wa mchezo ana miguu minne na mabawa, na rangi yake hueleza silaha yake: mwekundu hutema moto, mweupe hupuliza baridi kali, na mweusi hutoa tindikali. Kwa hiyo hata jina lenyewe likitajwa, haimaanishi kwamba kiumbe ametambuliwa.

Vitabu rasmi vimelishughulikia jambo hili kwa njia zinazotofautiana. Katika toleo la tatu, lililorekebishwa mwaka 2003, mchezaji alirusha dadu ya pande 20, akajumlisha ujuzi wa mhusika wake, kisha akalinganisha jumla hiyo na 10 pamoja na idadi ya dadu za uhai za kiumbe, yaani kipimo cha nguvu na uhai wake. Trolo mwenye dadu 6 alihitaji 16, na kila pointi 5 za ziada zilimpa mchezaji habari nyingine yenye manufaa. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini ina kasoro ambayo mimi naiona kubwa: joka mwekundu aliyekomaa ana dadu 22, hivyo kumtambua kunahitaji 32. Yaani kiumbe ambaye kila mtoto wa ulimwengu ule ameimbiwa habari zake ndiye mgumu zaidi kutambulika! Toleo la tano la mwaka 2014 halikuweka hesabu ya namna hiyo, bali lilimwachia mwongoza mchezo apime mwenyewe. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kiligawanya jamii za viumbe kwa aina za maarifa, hata elimu ya dini ikahusu mashetani na wafu wanaotembea, na elimu ya maumbile ikahusu wanyama, mimea na majoka.

Kanuni nyingi za nyumbani huzaliwa katika mapengo hayo. Iliyo bora, kwa maoni yangu, hupima umaarufu wa kiumbe badala ya nguvu zake: 10 kwa anayezungumzwa sokoni, 15 kwa anayejulikana na wawindaji na wasomi pekee, 20 au zaidi kwa yule anayetajwa katika maandiko ya kale tu. Asili ya mhusika nayo ihesabiwe, ili mtoto wa mvuvi asilazimike kurusha dadu kwa ajili ya kiumbe wa baharini aliyekuwa akiogopeshwa naye tangu utotoni. Anayefaulu aruhusiwe kuuliza swali moja analolitaka yeye, kwa sababu mwongoza mchezo akichagua habari mwenyewe anaweza kutoa jina la ukoo wa zimwi wakati kundi linataka kujua kama moto unasaidia. Anayeshindwa apewe angalau kile ambacho macho yake yanaona, kama vile kidonda kinachojifunga.

Baadhi ya meza hurusha dadu hiyo kwa siri na kumpa aliyeshindwa vibaya habari ya uongo. Mchezo wa Pathfinder, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, umeifanya hiyo kuwa kanuni rasmi. Inafurahisha pale wachezaji wanapoikubali mapema, lakini ikiletwa ghafla katikati ya pambano huzua ugomvi.

Wapo pia waongozaji wanaobadilisha viumbe wenyewe, wakamfanya trolo aogope baridi na kuuzoea moto, ili aliyekariri kitabu asifaidike. Mbinu hiyo ni halali, mradi dalili zitangulie: pango lililojaa majivu ya moto ambao trolo amelala juu yake, na kijito kilichoganda ambacho nyayo zake hazijawahi kukivuka.