“Macho Yangu Yameshazoea”: Maswali na Majibu kwa Wanaochomelea Vyuma na Walio Karibu Nao

Maswali haya huulizwa na mafundi wa Kamukunji, Gikomba na Kariobangi Light Industries, jijini Nairobi, wanapofika kliniki ya macho asubuhi wakishikwa mkono, kitambaa usoni, baada ya usiku wa kutolala.

Macho “kuzoea” maana yake nini?

Kitu kikijirudia mbele yako, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na ubongo hupunguza nguvu ya kukiitikia. Kodolea karatasi nyekundu kwa nusu dakika, kisha tazama ukuta mweupe: utaona alama ya kijani-samawati isiyokuwapo. Mwaka 1834 Robert Addams alitazama maporomoko ya Foyers huko Uskoti, akahamishia macho kwenye miamba ya pembeni, na miamba ikaonekana kupanda juu. Hapa kwetu dereva anayetoka Thika Road kwa kasi na kuingia Roysambu huona kilomita 50 kwa saa ni kutambaa, na wanaovuka barabara ndio hulipia. Hali hiyo si ugonjwa, na huisha yenyewe.

Basi fundi wa miaka mingi macho yake huzoea mwanga wa kuchomelea?

Hapana. Kinachobadilika ni jinsi mwanga unavyoonekana kwako. Kinachounguza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ni miale ya urujuanimno (UV), na miale hiyo huioni hata kidogo. Ubongo hauwezi kuzoea kwa niaba ya konea.

Mbona zamani niliumwa sana na siku hizi ni kidogo tu?

Kwa sababu umejifunza kugeuza uso cheche inapowaka. Huo ni ujanja wa mikono na shingo. Jicho halijapata kinga yoyote. Kila mara unapochelewa kidogo, miale inaingia. Ile nyama inayoota kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea mboni, mliyoizoea kwa wazee wa jua kali, inahusishwa na miaka ya miale ya aina hii, ya jua ikiwemo.

Mimi ni mkono tu, yaani msaidizi wa fundi, nashikilia chuma na kufumba macho.

Unafumba kabla au baada ya cheche? Wengi hufumba baada. Na miale hudunda kwenye mabati na kuta nyeupe, ikakukuta ukiwa umegeuka pembeni. Mama anayeuza chai hatua chache kutoka hapo naye huumia, na mara nyingi hajui kwa nini.

Miwani nyeusi ya kuuzwa barabarani haitoshi?

Haitoshi. Iko wazi pembeni, na weusi wake si kipimo cha miale inayozuia. Kwa kuchomelea kwa umeme vaa kinga ya uso yenye kioo maalumu, kwa kawaida cha kiwango cha giza namba 10 kwenda juu kulingana na nguvu ya umeme. Kioo kikipasuka, badilisha. Usikizibe kwa gundi.

Usiku macho yakianza kuwaka, nitie nini?

Maumivu huja baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu kazi, ndiyo maana hukulalamika ukiwa kazini. Utahisi mchanga machoni, machozi yatatiririka na taa hutaitazama. Usitie kitu. Si maziwa ya mama, si maji ya chai, si kiazi kilichokwaruzwa. Usisugue. Kama una lenzi za machoni, zitoe. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, meza parasetamoli ukiwa mtu anayeruhusiwa kuitumia, na kukicha uje kliniki.

Sasa nisikilizeni kuhusu vichupa. Matone ya ganzi ya kliniki ni ya kupimia. Ukienda nayo nyumbani utayatia kila saa kwa sababu yanapendeza, na konea itashindwa kupona, itachimbika kidonda. Matone ya stiroidi yanayouzwa bila kupimwa hutuliza wekundu huku yakikaribisha vidonda vya konea, na yakitumiwa muda mrefu huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Kichupa alichopewa jirani yako ni cha jirani yako. Kaka zangu, tafadhali.

Konea iliyounguzwa na miale kwa kawaida hupona ndani ya siku 1 hadi 3. Ikipita hapo, au kuona kukififia, rudi siku hiyohiyo. Na kama ulikuwa unasaga chuma kwa grainda na kitu kikaruka jichoni, hilo si suala la kusubiri asubuhi: njoo mara moja, wala usikichokoe kwa ncha ya karatasi.

Nikifungua macho yote mawili naona sawa. Si nimepona?

Si lazima. Jicho moja likiwa na doa, la pili hulifidia, na ubongo hujaza pengo usilijue. Hapa ndipo kuzoea kunapodanganya watu: presha ya macho inaweza kula pembe za uoni bila maumivu. Ziba jicho moja, soma maandishi ya ukutani, kisha ziba la pili. Ukikuta doa katikati, mstari ulionyooka unapinda, au upande mmoja umefifia, njoo. Usingoje uzoee. Ukishazoea ndipo unapokuja ukiwa umechelewa.

Mtoto wangu jicho moja linapinda. Akikua atazoea?

Atazoea, na ndiyo shida yenyewe. Ubongo wa mtoto ukipata picha mbovu kutoka jicho moja, huacha kulisikiliza, na baadaye hata miwani haiwezi kulirudisha lote. Mapema tunampa miwani au tunaziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Matokeo huwa mazuri zaidi kabla ya miaka 7. Mlete sasa, hata kama bibi amesema baba yake pia alikuwa hivyo.