Volta do mar: kurudi nyumbani kwa kuipa pwani kisogo

Volta do mar ni maneno ya Kireno, maana yake ni mzunguko wa baharini. Katika karne ya 15 yalikuwa jina la njia ya kurudi Ureno kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Chombo hakiambai na nchi kavu kwenda kaskazini. Kinaelekeza omo kaskazini-magharibi, bahari kuu, mbali kabisa na nchi, mpaka kikutane na upepo wa kukisukuma mashariki hadi Lisbon. Ukiichora kwenye ramani, njia hii ni ndefu mno; ukihesabu siku, ndiyo fupi.

Sababu yake ni upepo. Kati ya Morocco na Senegali upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki sehemu kubwa ya mwaka, na mkondo wa Kanari hushuka kusini kwa kufuata pwani hiyohiyo. Kwenda ni mteremko. Kazi ni kurudi. Chombo cha tanga la mraba hakikati upepo kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 65 hivi. Kikipiga bisho, yaani kuupanda upepo kwa mshazari huku na huku, kila maili 10 zinazopita chini yake humpa nahodha kama maili 4 tu za kusonga mbele, na hapo bado mkondo na kusukumwa pembeni havijala chao. Karaveli, meli ndogo ya Kireno yenye tanga la pembetatu kama la majahazi, ilikuwa na nafuu, lakini nafuu hiyo haikutosha kupanda pwani nzima kabla maji ya kunywa hayajaisha.

Mtu wa Lamu au Zanzibar atauliza: kwa nini wasingoje upepo ugeuke? Huku kwetu kusi humpeleka msafiri, kaskazi humrudisha. Atlantiki haifanyi hivyo. Pepo zake hazipokezani kwa misimu, zimepangwa kwa mikanda: kusini ya nyuzi 30 kaskazini ya Ikweta zinatawala pepo za biashara kutoka kaskazini-mashariki, na kuanzia nyuzi 35 hivi kwenda juu zinatawala pepo za kutoka magharibi. Nahodha wa Bahari ya Hindi husubiri wakati wa upepo. Wa Atlantiki huenda mahali pa upepo. Dhana yote ya volta do mar imo humo.

Kuitekeleza kulihitaji kujua pa kugeukia. Longitudo haikupimika, ila latitudo ilipimika: urefu wa Nyota ya Kaskazini, ile mabaharia wetu waliyoiita Jaa, juu ya upeo wa macho ni karibu sawa na latitudo ya mpimaji. Rubani alipanda kaskazini huku akipima kwa kwadranti, kifaa cha kupimia pembe, na alipofika karibu na nyuzi 38, mstari wa visiwa vya Azores na wa Lisbon yenyewe, aligeuka mashariki na kuushika mstari huo. Kosa la uzi mmoja lilimpeleka kombo maili 60 za bahari. Akigeuka mapema mno aliangukia ukanda wa shwari ulio kwenye nyuzi 30 hivi, tanga likining'inia huku mapipa ya maji yakipungua. Akichelewa, alikumbana na dhoruba za kaskazini. Kusini ya Ikweta nyota hiyo huzama, kwa hiyo walipima jua la adhuhuri kwa astrolabu, kifaa kingine cha kupimia pembe, pamoja na majedwali ya mwinamo wa jua, yaani umbali wake kaskazini au kusini ya Ikweta, kwa kila siku ya mwaka.

Ujuzi huu ndio uliomrudisha Columbus mwaka 1493. Alikwenda kwa pepo za biashara kutoka Kanari, akarudi kwa kupanda kaskazini kwanza, akatokea Azores mwezi wa Februari.

Kusini mwa Atlantiki mzunguko hupinduliwa. Vasco da Gama aliondoka Santiago ya Cabo Verde tarehe 3 Agosti 1497, akaiacha Afrika upande wa kushoto na kutumbukia kusini-magharibi, kisha akabebwa mashariki na pepo za magharibi. Aliiona nchi kavu tena mwanzoni mwa Novemba, miezi mitatu baadaye, kaskazini kidogo ya Rasi ya Tumaini Jema. Cabral, nahodha mwingine wa Kireno, alizunguka kwa upana zaidi mwaka 1500 na kuifikia Brazili tarehe 22 Aprili.

Pasifiki ndiyo iliyokawia. Meli iitwayo Trinidad, ya msafara wa Magellan, ilijaribu kurudi Amerika kutoka visiwa vya Maluku mwaka 1522 ikashindwa, na waliofuata nao wakashindwa, hadi 1565. Mwaka huo Andrés de Urdaneta, mtawa na baharia wa Kihispania, aliondoka Cebu huko Ufilipino tarehe 1 Juni, akapanda mpaka karibu na nyuzi 39 na kutia nanga Acapulco, Meksiko, mwezi wa Oktoba.

Katika Bahari ya Hindi mazoea ya Atlantiki hayakufaa kitu. Tarehe 24 Aprili 1498 da Gama aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na mfalme wa huko, kusi ikiwa inaanza, na kwa siku 23 hivi akaiona India. (Rubani huyo hutajwa sana kuwa Ahmad ibn Majid. Ushahidi ni dhaifu. Baadhi ya masimulizi ya Kireno yenyewe yanamtaja Mgujarati.) Kurudi, aling'oa nanga kisiwa cha Anjediva, pwani ya India, mwanzoni mwa Oktoba, katikati ya maleleji, kaskazi haijaingia. Hapo hapakuwa na mkanda mwingine wa kuutafuta: shwari na pepo za mbele zilimshika hadi akafika mbele ya Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Safari ya siku 23 ikawa karibu miezi mitatu, na kiseyeye kikaua watu 30. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, kwa hiyo São Rafael ilichomwa moto kwenye mafungu ya mchanga karibu na Mtang'ata, pwani ya Tanga. Baadaye meli za Ureno zilizoea kuondoka India Disemba au Januari, kaskazi ikiwa imekolea, wakati uleule majahazi yalipotweka.