Moyo kwenda mbio ukiwa kwenye dawa kali za maumivu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mofini, kodeini, tramadoli, pethidini, oksikodoni, fentanili: hizi ni dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na sifa yake kubwa ni kutuliza. Kwa hiyo mgonjwa aliyezimeza akajikuta moyo unadunda kifuani, viganja vimelowa jasho na hofu imemkaba, hupewa majibu ya haraka haraka. Mengi ya majibu hayo si sahihi, na mengine ni ya hatari. Swali ambalo ningetaka aulizwe kabla ya lolote ni hili: zimepita saa ngapi tangu dozi ya mwisho?

"Dawa hizi hupunguza mapigo, haziwezi kuyaongeza"

Ni kweli kwamba nyingi kati yake hupunguza kasi ya moyo na ya kupumua. Lakini si hilo tu zinalofanya. Mofini na kodeini huchochea mwili kutoa histamini, kemikali ileile inayoleta muwasho wa mzio. Mishipa ya damu hutanuka, presha hushuka, na moyo hulazimika kukimbia ili damu ifike panapohitajika, hasa mtu anaposimama ghafla. Ukiona mapigo yamepanda muda mfupi baada ya dozi, tena uso una joto na ngozi inawasha, huenda chanzo ni hicho.

Pethidini ina tabia yake. Hukausha mdomo na kuongeza kasi ya moyo, na mwili unapoivunjavunja hubaki mabaki yanayotoka kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu, au dawa ikitolewa siku nyingi mfululizo, mabaki hayo hulimbikizana na kuleta kutetemeka, wasiwasi, hata degedege. Ndiyo maana haifai kwa maumivu ya muda mrefu.

Kisha ipo tramadoli, ambayo watu wengi huiona dawa nyepesi. Mimi sikubaliani na jina hilo. Mbali na kazi yake ya kiafyuni, huongeza serotonini na noradrenalini katika ubongo, na noradrenalini ndiyo kemikali ambayo mwili huitumia unaposhtuka. Mtu kuhisi moyo unadunda, jasho linatoka na mwili umejaa mashaka akiwa kwenye tramadoli si jambo la kushangaza hata kidogo.

"Ni wasiwasi wako tu"

Kauli hii huniumiza, kwa sababu humnyamazisha mgonjwa mahali ambapo anapaswa kusikilizwa. Wasiwasi unaweza kuwa chanzo, na unaweza pia kuwa tokeo. Maumivu yasiyotulizwa vizuri huongeza mapigo. Homa, upungufu wa damu, na kukaukiwa maji baada ya kutapika sana huyaongeza pia. Baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vyenye kodeini vina kafeini ndani, na wanaovimeza wengi hawajui. Hata dawa ya kuzuia kichefuchefu, metoklopramidi, inayotolewa mara nyingi pamoja na mofini, inaweza kumfanya mtu asikae wala asitulie: anatembea huku na huku, miguu inamsumbua, na yeye mwenyewe anadhani anapata wazimu.

Aliyefanyiwa upasuaji ana sababu zaidi ya kutopuuzwa. Mapigo ya kasi yanayokuja na kukosa pumzi, maumivu ya kifua au kukohoa damu yanaweza kumaanisha bonge la damu limekwama kwenye mapafu. Hiyo ni safari ya hospitali wakati huohuo.

"Moyo ukienda mbio, acha dawa papo hapo"

Hapa ndipo watu wengi huumia wakidhani wanajiokoa. Kwenye shina la ubongo kuna kijisehemu kinachotengeneza noradrenalini. Dawa za afyuni hukibana, na baada ya wiki kadhaa ubongo huzoea kufanya kazi dhidi ya kubanwa huko. Dawa ikikatika ghafla, noradrenalini hufurika: moyo hukimbia, presha hupanda, jasho hutoka, na hofu humshika mtu bila yeye kujua anaogopa nini. Huja pia miayo, mafua, macho kutoa machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata na kuharisha. Watumiaji wa heroini huiita arosto, na kwa mgonjwa wa vidonge mwili hupitia njia hiyohiyo.

Kwa dawa ambazo nguvu zake hudumu muda mfupi, hali hii huanza takriban saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho. Kwa methadoni, dawa ya afyuni inayokaa mwilini muda mrefu, huchelewa zaidi. Baadhi ya wagonjwa huionja kidogo kila siku, dozi moja inapokaribia kuisha na nyingine haijafika. Ndipo daftari linaposaidia: andika saa ya kumeza, saa ya moyo kuanza kudunda, na idadi ya mapigo kwa dakika nzima ukiwa umeketi. Kwa mtu mzima aliyetulia, 60 hadi 100 ni kawaida. Mapigo yanayopanda saa moja baada ya kidonge na yale yanayopanda kidonge kinapoisha yanahitaji tiba tofauti kabisa.

Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu madhara ya kuzikatiza ghafla dawa hizi kwa mgonjwa aliyekwisha kuzizoea. Mwongozo wa 2022 wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, unasema kwamba kwa aliyezitumia mwaka mmoja au zaidi, kupunguza asilimia 10 ya dozi kwa mwezi, au polepole zaidi, huelekea kuvumilika vizuri. Aliyezimeza siku mbili tatu baada ya kung'olewa jino kwa kawaida huacha bila shida. Mzio mkali ni jambo jingine: midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, usimeze tena na tafuta msaada wa dharura.

"Ukipata arosto basi wewe ni mraibu"

Hapana. Mwili kuzoea dawa si uraibu. Mtoto mchanga ambaye mama yake alitumia dawa hizi kwa muda mrefu akiwa mjamzito anaweza kuzaliwa na dalili hizohizo, na hakuna wa kumwita mraibu. Uraibu ni kushindwa kujizuia kutumia hata pale dawa inapoharibu maisha.

"Meza kidonge cha kutuliza, hofu itaisha"

Hofu inaweza kuisha, na pumzi ikaisha nayo. Diazepamu na ndugu zake, dawa za usingizi na pombe hukandamiza upumuaji, na dawa za afyuni hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2016 FDA iliagiza mchanganyiko huu uwekewe onyo lake kali kuliko yote.

Dawa za sonona nazo zinataka uangalifu. Fluoksetini au setralini pamoja na tramadoli vinaweza kupandisha serotonini kupita kiasi: misuli inarukaruka, mwili unatetemeka, homa inapanda, mgonjwa anachanganyikiwa. Fluoksetini pia huzuia kimeng'enya cha ini kinachoipa tramadoli nguvu zake za kutuliza, hivyo maumivu hubaki, mgonjwa anaongeza vidonge, na hatari inazidi. Mtajie daktari kila unachomeza.

Ukimkuta mtu aliyemeza dawa hizi haamki, anakoroma kwa shida, anapumua polepole sana au midomo imebadilika rangi, ita msaada wa dharura na umpe naloksoni, dawa inayozima nguvu za afyuni, kama ipo. Usimwache peke yake hata akizinduka, kwa sababu naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90 tu, na dawa aliyomeza inaweza kudumu zaidi ya hapo.