Mwembe, chensoo na epoksi: yanayosemwa na yalivyo

Mwembe ukianguka uani, anayeitwa kwanza ni mchoma mkaa, kwa sababu eti mwembe hauna mbao. Lakini India huuza nje samani za mwembe kila mwaka. Ubovu wa mbao zake unatokana na kuliacha gogo chini na gome lake: ukungu huingia ndani ya wiki chache, bungua nao hufuata. Lipasue mapema. Meno ya mnyororo wa chensoo wa kupasulia mbao hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hivi, ya ule wa kukatisha gogo ni 30 hivi.

Epoksi ni gundi ya majimaji inayoganda ikichanganywa na hadina, yaani kigandishi chake; mafundi huimimina kwenye mbao za meza. “Ubao mbichi haudhuru: epoksi ni plastiki, itafungia unyevu ndani.” Kauli hii imeharibu meza nyingi kuliko msumeno butu. Epoksi haishiki vizuri kwenye mbao mbichi. Isitoshe, unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, ubao huanza kusinyaa kwa upana, na epoksi haisinyai nao. Matokeo yake ni ufa kando ya ule “mto” wa rangi, yaani mfereji wa epoksi kati ya mbao, au meza iliyopinda.

Usibahatishe. Kata kipande katikati ya ubao, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike. Kikitoka gramu 260 hadi 200, gramu 60 zilizopotea gawanya kwa 200: unyevu ni asilimia 30, bado sana. Ubao wa kivulini huku pwani hutulia kwenye asilimia 14 au 15. Meza ya ofisi yenye kiyoyozi inataka ubao mkavu zaidi, kwa hiyo tafuta tanuri la kukaushia mbao.

Na jua? Jua kali hukausha ngozi ya ubao kabla ya ndani, ndipo unapopasuka. Paka ncha rangi nzito siku ileile, panga mbao chini ya paa, kati yake fito za unene mmoja, pembeni pawe wazi.

“Zidisha hadina igande haraka.” Hiyo ni tabia ya polyesta, gundi nyingine wanayotumia mafundi wa boti za faiba. Epoksi ina kipimo chake cha hadina. Ukikizidisha hubaki laini na kunata. Ukimimina nene kupita maelekezo ya mtengenezaji, huchemka yenyewe, hupasuka, hata kufuka moshi.

Wengine husema mti wa shambani kwako hauna maswali. Kwa Tanzania, ulizia kibali kabla ya kuukata, na hati ya kusafirishia kabla mbao hazijapanda gari.